Kabla ya prednisolone, tafuta minyoo

Lamu, kama ilivyo Malindi na vijiji vya nyuma yake, kuwa na minyoo hakumshangazi mtu. Mtoto akivimba tumbo au akipungua uzito hununuliwa kidonge kimoja cha albendazole kwenye kemisti, na mambo yakaisha. Kwa mtu mwenye figo nzima mazoea hayo hayana hasara kubwa. Kwa mwenye ugonjwa wa figo yanaweza kumpoteza, ingawa minyoo wake ni wale wale wa jirani. Kilichobadilika ni kinga yake na dawa anazomeza.

Taka zikijaa kwenye damu kwa kuwa figo hazichuji, chembe nyeupe hulegea. Ndiyo sababu hata chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi kubwa maradufu kwa mtu wa dialisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine: mwili wake hauitikii kama wa mwingine. Juu ya hilo huja dawa ambazo kazi yake hasa ni kuishusha kinga: prednisolone (ya jamii ya steroidi) kwa mtoto anayeamka uso umevimba na mkojo umejaa protini, cyclophosphamide kwa mwenye lupus (kinga kuushambulia mwili wenyewe) iliyofika kwenye figo, tacrolimus na mycophenolate kwa aliyepandikizwa figo. Dawa hizi zina faida kubwa na sitaki mtu aziache kwa kusoma hapa. Ninachosema ni kwamba kuna kazi ya kufanya kabla ya kidonge cha kwanza, na mara nyingi haifanywi.

Wa kumwogopa kuliko wote ni mnyoo aitwaye Strongyloides stercoralis. Nitamwita strongiloidi.

Viluwiluwi vyake, yaani minyoo wachanga, huishi kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi cha mtu. Vinapenya ngozi ya mguu usio na kiatu, vinaingia kwenye damu, vinapita mapafuni, vinakoholewa hadi kooni na kumezwa, kisha vinakua kwenye utumbo mwembamba. Jike mzima ana urefu wa kama milimita mbili tu. Hadi hapo hana tofauti kubwa na safura. Tofauti ni kwamba mayai yake huanguliwa ndani ya utumbo, na baadhi ya viluwiluwi havingoji kutoka nje: hukomaa humo humo, hutoboa utumbo au ngozi iliyo karibu na tupu ya nyuma, na kuanza safari upya. Kwa hiyo mtu aliyemchukua shambani Witu akiwa na miaka kumi anaweza kuwa naye akiwa na sitini, hata kama miaka arobaini ya katikati ameishi ghorofani na hajakanyaga udongo. Wengi hawahisi chochote. Wengine huwashwa, au huona mchirizi mwekundu matakoni au pajani unaosogea sentimita kadhaa kwa saa moja. (Mchirizi unaosogea sentimita moja au mbili kwa siku, mguuni, kwa mtu aliyelala kwenye mchanga wa ufuo, kwa kawaida ni wa mnyoo wa paka au mbwa aliyepotea njia kwenye ngozi ya binadamu. Huyo hafiki ndani.)

Mtu huyo akianzishiwa prednisolone kwa dozi kubwa, tuseme miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki mbili na kuendelea, breki zinakatika. Viluwiluwi huongezeka kwa maelfu na kutapakaa mapafuni, kwenye ini, hata kwenye ubongo, na vinapotoboa utumbo hubeba bakteria wa kinyesi hadi kwenye damu. Kinachoonekana nje ni maumivu ya tumbo, kutapika, tumbo kujaa gesi na kufunga, kikohozi chenye kifua kinacholia, na wakati mwingine madoa ya zambarau kuzunguka kitovu. Hapo ndipo kosa baya hutokea: kifua kinacholia huitwa pumu, na mgonjwa huongezewa steroidi. Wengine hutibiwa homa ya uti wa mgongo au sumu ya damu kwa antibaiotiki, wakapata nafuu, bakteria wakarudi tena kwa sababu anayewabeba bado yumo. Bila dawa ya mnyoo mwenyewe, wengi wanaofikia hatua hii hufa.

Kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 hakimwondoi. Kinamfaa chango, kinamfaa safura kwa kiasi, lakini strongiloidi humpita. Dawa yake ni ivermectin, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 humeza miligramu 12, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Hurudia kesho yake, na mara nyingi hurudia tena baada ya wiki mbili. Jambo la kumtuliza mgonjwa wa figo ni kwamba ivermectin hutoka kwa njia ya choo, si mkojo. Haipunguzwi dozi kwa ajili ya figo. Mjamzito na mtoto aliye chini ya kilo 15 ni wa kuamuliwa na daktari. Aliyekwisha kulipukiwa na ugonjwa wenyewe hatibiwi kwa dozi mbili. Humeza kila siku, wodini, hadi choo kikae wiki mbili bila kiluwiluwi.

Sasa kipimo. Kipimo cha kawaida cha choo, tone moja chini ya darubini, humkosa mara nyingi sana, kwa sababu viluwiluwi hutoka vichache na si kila siku. Hata ile njia ya kuhesabu mayai inayotumika katika kampeni za shule haimfai, maana kwenye choo chake hakuna mayai ya kuhesabu. Ukipewa karatasi iliyoandikwa "hakuna minyoo", uliza ni kwa njia gani. Maabara inayoweza hutumia njia ya Baermann: choo hufungwa kwenye shashi, huwekwa juu ya faneli yenye maji ya vuguvugu, na viluwiluwi vilivyo hai hujitoa vyenyewe na kuzama chini. Au choo huwekwa juu ya sahani ya agari (utomvu ulioganda wa kuoteshea bakteria) kwa siku mbili au tatu, na viluwiluwi vinapotambaa huacha nyayo za bakteria zinazoonekana kwa macho. Njia zote mbili zinahitaji kiluwiluwi kilicho hai. Kwa hiyo choo kiwe cha asubuhi hiyo hiyo, kiasi cha gramu kumi hivi (kijiko kikubwa kilichojaa, si chembe ya kijiti cha kiberiti), kisiwekwe friji, kisitiwe fomalini ya kuhifadhia, na kisichanganyike na mkojo. Kipelekwe siku tatu tofauti. Anayetoka Faza au Siyu na kuvuka kwa boti afanye hesabu ya saa kabla ya kubeba kopo. Lililoshinda juani kwenye sitaha halitatoa jibu la kuaminika. Bora atoe sampuli akifika.

Kipimo cha damu cha kingamwili kinagundua wengi zaidi na hakitegemei choo kibichi, ila si kila maabara inayo, na kwa mtu ambaye kinga yake imekwisha kushushwa kinaweza kutoka salama ilhali si salama. Dokezo la bei rahisi liko kwenye hesabu ya chembe za damu ambayo kila mgonjwa wa figo amekwisha kufanyiwa: tazama eosinofili, aina moja ya chembe nyeupe. Zikizidi 500 kwa mikrolita moja bila sababu nyingine, tafuta mnyoo. Lakini tazama karatasi za zamani, za kabla ya steroidi. Prednisolone huzifuta eosinofili hadi sifuri, na sifuri hiyo haina maana yoyote.

Na kama vipimo havipatikani na steroidi haziwezi kungoja? Daktari anaweza kumpa mgonjwa aliyekulia shamba ivermectin kwa kukisia tu. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa Pwani aliyewahi kutembea peku na kutumia choo cha shimo, huo ndio uamuzi wa busara. Vidonge ni vichache, hatari yake ni ndogo, na ugonjwa unaozuiwa ni wa kufisha.

Hili linamgusa pia anayetoa figo. Hapa kwetu mtoaji huwa ndugu, mtoto au mke: watu waliokunywa kisima kimoja na kukanyaga udongo mmoja. Mara nyingi hupimwa kundi la damu, ukimwi na homa ya ini, kisha minyoo ikasahauliwa. Figo inaweza kwenda na strongiloidi wake, au na malaria. Mtoaji na mpokeaji wote wawili waulizwe, wapimwe na watibiwe kabla ya tarehe ya upasuaji.

Kichocho ni kisa kingine, kwa sababu chenyewe huleta ugonjwa wa figo. Aina iliyoko ukanda huu, Schistosoma haematobium, huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Konokono anayemkuza mnyoo huyu yumo kwenye maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia: mabwawa, mifereji, madimbwi ya pembezoni mwa mto. Maji ya chumvi hayana kichocho, basi anayeogelea Shela au Watamu hana la kuogopa upande huo. Mayai yanayokwama kwenye ukuta wa kibofu na mirija ya mkojo huacha makovu, mirija huziba pole pole, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Mgonjwa anaweza kupoteza figo moja kimya kimya ilhali kreatinini yake (taka ya damu inayopima kazi ya figo) bado iko sawa, kwa vile figo ya pili inafanya kazi ya mbili. Kwa hiyo, kwa kijana wa Tana Delta au wa mashamba ya Malindi mwenye figo iliyovimba kwenye ultrasaundi, kichocho kiwe miongoni mwa maswali ya kwanza.

Dalili ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho. Mkojo wa kupimwa ukusanywe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na ule wa mwisho usiachwe chooni. Kumtembeza mgonjwa kidogo au kumpandisha ngazi kabla ya kukojoa husaidia mayai kutoka. Dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kilo: mtu wa kilo 60 humeza 2,400, yaani vidonge vinne vya 600, baada ya kula. Huua wakubwa tu, wachanga huwaacha. Aliyeogea bwawani wiki iliyopita akameza leo, huenda akahitaji kurudia baada ya wiki sita hivi. Na usiridhike na kumaliza vidonge. Rudi ukapigwe ultrasaundi miezi michache baadaye. Uvimbe wa mapema huweza kupungua. Kovu la miaka mingi halimezewi dawa, hilo ni la mpasuaji.

Tukija kwenye homa. Mtu wa dialisisi mwenye mpira wa kuunganishia mashine shingoni akitetemeka kwa baridi, kila mtu wa hapa hufikiria malaria kwanza. Huenda ni kweli. Lakini mtetemeko unaoanza akiwa kwenye mashine, au nusu saa baada ya kuunganishwa, ni wa mpira hadi ithibitike vinginevyo. Kipimo cha malaria kikitoka chanya bado damu ichukuliwe kuoteshwa bakteria, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kipimo cha haraka cha kidole huendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Aliyetibiwa hivi karibuni apimwe kwa darubini.

Malaria yenyewe ikithibitishwa, artemether-lumefantrine humezwa kama kwa mtu mwingine: mtu mzima vidonge vinne mara sita, saa ya 0, 8, 24, 36, 48 na 60, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Hamri moja na chai inatosha. Si lazima maziwa, ambayo wengi wamekatazwa kwa sababu ya fosforasi. Kinachoharibu ni kile kinachonunuliwa pamoja na dawa hiyo. Diclofenac na ibuprofen, za kidonge au za sindano, zikae mbali na figo zilizochoka. Homa ishushwe kwa paracetamol. Anayetapika kila kitu, aliyechanganyikiwa, au mkojo wake umegeuka rangi ya Coca-Cola, aende hospitali usiku huo huo akapigwe sindano ya artesunate, na aseme mlangoni kwamba ni mgonjwa wa figo ili asiminywe dripu kama mtu aliyekaukiwa maji. Mapafu yake hayatazibeba.

Safura nitaipitia haraka. Mnyoo mmoja wa aina kubwa hunyonya karibu mililita 0.2 za damu kwa siku; mia moja wanakula zaidi ya nusu lita kwa mwezi. Mgonjwa wa figo tayari damu yake ni ndogo. Kabla ya kuongeza sindano za kuongeza damu (erithropoietini) zisizofanya kazi, choo kipimwe. Hapa albendazole ina kazi, ila siku tatu ni bora kuliko moja.

Maji. Klorini ya chupa huua bakteria wa kuhara na wa kipindupindu, lakini kriptosporidi, kijidudu kingine cha kuharisha, ina ganda ambalo klorini ya nyumbani haiwezi. Kwa aliyepandikizwa figo, maji ya kunywa yachemke hadi yabubujike kwa dakika moja, yawe yametoka kwenye bomba, kisima au birika la msikiti. Barafu ya juisi za barabarani hutengenezwa na maji hayo hayo. Kriptosporidi huharisha wiki nzima na zaidi, na kuharisha kuna hila moja isiyotarajiwa: utumbo uliochubuka hupitisha tacrolimus nyingi zaidi kwenye damu, mikono ikaanza kutetemeka na figo mpya ikaumia kwa dawa iliyokuwa ya kuilinda. Ukiharisha zaidi ya siku mbili, pima kreatinini na kiwango cha tacrolimus, damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kumeza dozi. Na useme waziwazi kwenye fomu kwamba unataka kriptosporidi itafutwe, maana hupakwa rangi ya peke yake, asipoombwa, hatafutwi. Kumeza metronidazole kwa kudhani kila tumbo ni amiba hakumgusi kabisa.

Paka wa Lamu wamelaumiwa bure kwa mengi. Kweli, kijidudu kiitwacho toksoplasma hukomaa tumboni mwa paka. Lakini kinyesi kibichi hakiambukizi. Huchukua siku moja hadi tano kuiva, na paka mwenyewe huitoa kwa wiki chache tu, kwa kawaida mara ya kwanza anapoambukizwa. Aliyepandikizwa figo asifukuze paka wa mtaa mzima. Asichimbe bustani bila glavu, mwingine azoe mavi ya paka kila siku, mboga za kachumbari zioshwe vizuri na ngozi itolewe, na mishkaki isiliwe ikiwa nyekundu ndani. Nyama ya mbuzi isiyoiva ni njia kubwa ya ugonjwa huu, na haitajwi nusu ya mara anazotajwa paka. Kotrimoksazoli, antibaiotiki ambayo wengi hupewa miezi ya kwanza baada ya upandikizaji huzuia toksoplasma pia. Hupandisha potasiamu, kwa hiyo vipimo vya damu visirukwe.

Ngozi nayo. Mtu wa dialisisi huwashwa kwa sababu ya figo zenyewe, mgongoni na mikononi, pande zote mbili. Muwasho uliokaa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, unaozidi usiku, na unaowasumbua wanaolala chumba kimoja, ni upele wa kuambukizana (scabies). Krimu ya permethrin ya asilimia 5 ipakwe kuanzia shingo hadi nyayo, usiku kucha, nyumba nzima siku moja, na irudiwe baada ya wiki. Kwa watoto usidharau: upele unaokunwa hadi ukatunga usaha huingiza bakteria wa streptokoki wanaoweza kuumiza figo, na wiki tatu hadi sita baadaye mtoto huamka uso umevimba na mkojo kama chai ya rangi. Na mwenye funza asichokolewe kwa pini inayozunguka mguu hadi mguu. Homa ya ini ya B na C hupita hapo, na wodi ya dialisisi ndiko isikotakiwa kabisa.

Kampeni za matende zinapopita visiwani, kama ile ya 2018 Lamu Mashariki iliyotoa dawa tatu kwa pamoja, mwambie mgawaji dawa kwamba unaumwa figo kabla ya kufungua kinywa. Mojawapo ya hizo tatu, diethylcarbamazine, hutoka kwa mkojo na hujaa mwilini figo zikishindwa.

Mwisho ni tiba za nyumbani. Madafu hupendwa kwa tumbo la kuhara na kwa mkojo unaochoma. Kikombe kimoja cha mililita 240 kina potasiamu karibu miligramu 600. Mtu wa dialisisi akinywa madafu mawili matatu mchana wa Jumapili, siku anayosubiri mashine, moyo wake unaweza kusimama. Mbegu za papai na mwarobaini havina kipimo, na figo ndizo zinazolipa. Na ivermectin ya duka la mifugo, ile ya sindano ya asilimia 1 wanayochomwa ng'ombe, ina miligramu 10 katika kila mililita moja. Kijiko kimoja cha chai cha mililita tano ni miligramu 50, mara nne ya dozi ya mtu wa kilo 60. Kama kemisti wa karibu hana ya vidonge, agiza kwa maandishi ya daktari kutoka Malindi au Mombasa, na wala usianze steroidi hadi vidonge vifike, isipokuwa daktari amesema steroidi haziwezi kungoja.